Uhalisia Waweza Kuwa Angani? Kuhusu Planetes ya Makoto Yukimura

Mwalimu mwenzangu, hebu niungame kwanza. Hapa Kibera niliwauliza wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wafafanue uhalisia kwa kurejelea kazi yoyote waliyoisoma. Mmoja akataja hadithi ya katuni ya Kijapani, zile ziitwazo manga, kuhusu watu wanaozoa taka angani. Nilimkata alama mbili na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hii ni fantasia." Baadaye nilimwomba kitabu chenyewe, nikaanza kujishuku.

Kazi hiyo ni Planetes ya Makoto Yukimura, iliyochapishwa Japani kati ya mwaka 1999 na 2004. Wahusika wake Hachimaki, Yuri na Fee hawapigani na majitu. Ni wafanyakazi wa miaka ya 2070 ambao kazi yao ni kuokota vyuma vilivyoachwa angani na roketi na setilaiti. Yuri alifiwa na mkewe katika ajali iliyoletwa na skrubu. Skrubu iue vipi? Kitu kinachoizunguka dunia kwa karibu huenda takribani kilomita 7 hadi 8 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo kipande kidogo hutoboa chombo. Yukimura hajitungii sheria zake. Anafuata za maumbile, kisha anatuonyesha mgane. Nono naye, aliyezaliwa mwezini, ana miaka 12 lakini kimo chake ni cha mtu mzima, kwani mvutano wa huko ni kama sudusi tu ya ule wa dunia. Hata Fee kukosa mahali pa kuvuta sigara ni kisa kizima!

Mtahiniwa, linganisha na Walenisi (1995) ya Katama Mkangi. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa katika chombo cha anga na kufika mahali ambapo jina lake, ukilitenganisha, ni "wale ni sisi". Mkangi hashughuliki sana na mitambo. Safari inamfikisha Dzombo kwenye jamii ya haki ili tuione yetu. Hiyo ni fantasia, na inafaulu kwa shabaha yake. Kwa hivyo anga peke yake haitoshi kuamua. Uliza: tukio linasababishwa na maumbile na kazi ya wahusika, au linatokea kwa kuwa wazo la mwandishi linalihitaji?

Tena mambo haya hayako mbali. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaitambua kuwa sehemu ya roketi. Hapa Kibera vijana huzoa taka kwa mikokoteni, na wengi huwadharau. Mwanafunzi wangu alikuwa amemlinganisha Hachimaki na kaka yake mwenye kazi hiyo. Sentensi hiyo ndiyo niliyoipiga mstari.

Kazi ina dosari. Safari ya kwenda Mshtarii inapokaribia, wahusika wanahubiri mno juu ya upendo, na picha zinaachiwa maneno mengi. Mtahiniwa anayesifu tu asipate alama zote. Lakini anayemtaja Nono na kueleza mvutano wa mwezi, mpe zake. Mimi nilizirudisha zile mbili, na maneno yangu ya pembeni nikayafuta.