Kivuli Ndani ya Mbao: Njumu za David Roentgen

Fundi wa njumu anayetaka kuchora ua kwa mbao hasumbuliwi sana na umbo. Msumeno mwembamba hulimaliza. Kinachomsumbua ni kivuli, maana bila kivuli petali hubaki bapa.

Katika karne ya 18, mafundi wa Ulaya walitegemea zaidi njia mbili. Kwanza, walichovya ukingo wa kipande katika mchanga wa moto hadi ukaungua kidogo na kuwa kahawia. Pili, walibandika picha nzima, kisha wakachanja mistari myembamba juu yake na kuijaza rangi nyeusi. Njia ya pili ilikuwa ya haraka, lakini mistari yake haikwenda chini sana. Kabati likikwanguliwa mara kadhaa ili ling'arishwe upya, mistari hufutika na nyuso za watu hubaki tupu.

David Roentgen, aliyerithi karakana ya baba yake Abraham mjini Neuwied, kando ya mto Rhine, Ujerumani, aliachana na mchanjo huo katika miaka ya 1770. Kivuli alikijenga kwa mbao zenyewe. Mbao nyembamba za rangi nyeupe zililowekwa katika rangi hadi ikapenya, zikapatikana ngazi nyingi za kijivu, kijani na buluu. Kila mkunjo wa nguo ulipangwa kwa vipande vidogo vidogo, kutoka kilichofifia hadi kilichokolea, kama mawe ya mozaiki. Baadhi ya picha zilibuniwa na mchoraji Januarius Zick. Kuzigeuza kuwa vipande vinavyokatika na kuungana bila mwanya ilikuwa kazi ya karakana.

Kabati lake maarufu zaidi, lililotengenezwa kwa ajili ya Friedrich Wilhelm II wa Prussia, liko katika makumbusho ya Kunstgewerbemuseum, Berlin. Lina urefu unaozidi mita 3, na ukizungusha ufunguo, droo na milango ya siri hufunguka. Watazamaji wengi hushangilia mitambo hiyo, ilhali uvumbuzi mgumu zaidi umetandazwa usoni pake.

Hata hivyo, rangi iliyoshinda mkwaruzo haikuushinda mwanga. Kijani na buluu vimepauka na kuwa kahawia, na tofauti kati ya ngazi za kivuli imepungua. Kwa hiyo anayetaka kuupima ufundi wa Roentgen kwa haki aanzie pale ambapo jua halikufika, ndipo auhukumu mlango wa mbele.