Mapezi Yasiyoogelea

Kwenye Triumph Bonneville za siku hizi kuna kitu kimoja kinachonichekesha kila nikikiona. Kimekaa palepale ilipokaa kabureta zamani, kina umbo la kabureta, kina kifuniko cha duara kichwani kama kabureta, na fundi yeyote aliyekulia kwenye grisi angeinama kutafuta skrubu ya hewa aanze kuichokonoa. Asingeipata. Humo hamna boya wala bakuli la petroli. Mna sindano inayopuliza mafuta kwa amri ya kompyuta. Kabureta imekufa, imezikwa, na nguo zake kavalishwa mrithi.

Wapenzi wa pikipiki wanaugombea mzaha huu mpaka leo. Kuna asemaye kwamba ni uongo mtupu, na kwamba mtengenezaji anayeona haya kuonyesha mashine yake hana haki ya kuitia bei. Kuna amjibuye kwamba hata mzee wa heshima hapokei wageni na singlendi. Kuficha ni sehemu ya adabu. Mimi nimewasikiliza wote, nimecheka na wote, na mwisho nimebaki na swali dogo ninaloliuliza kwenye kila pikipiki mpya iliyoundwa kwa sura ya kale: hiki ninachokiona, kinafanya kazi gani?

Kwa swali hilo Bonneville haipati alama zote. Jina lake ni la jangwa la chumvi huko Utah, Marekani, ambako mwaka 1956 Johnny Allen, ndani ya chombo kirefu kama samaki chenye injini ya Triumph, alikimbia zaidi ya kilomita 340 kwa saa. Wakuu wa mbio wa dunia waligoma kuitambua rekodi ile. Triumph hawakungoja kutambuliwa. Pikipiki iliyotoka 1959 wakaiita Bonneville. Miaka kumi baadaye Honda ikaleta CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, kiki ya umeme, na chini yake hapana dimbwi la oili asubuhi. Waingereza hawakuwa na jibu. Kiwanda cha Meriden kikafungwa 1983, na jina likanunuliwa na John Bloor, tajiri wa kujenga nyumba, aliyekwenda kuanza upya katika mji wa Hinckley.

Bonneville ilirudi sokoni 2001. Ilipofika 2016 ikaja ile ya sentimita za ujazo 1200, nayo inapozwa kwa maji. Sheria za moshi za Ulaya ndizo zilizosukuma: injini inayopozwa kwa upepo joto lake hupanda na kushuka kadiri ya mwendo na hali ya hewa, na joto lisilotulia ni moshi usiotulia. Maji huishika injini mahali pamoja. Basi mafundi wa Hinckley wakatengeneza rejeta nyembamba, wakaificha mbele katikati ya mabomba ya fremu, mipira wakaipitisha kwa siri, na kwenye silinda wakaacha mapezi kama ya mwaka 1959. Mapezi kazi yake ni kuupa upepo nafasi ya kuchukua joto. Haya, kazi yake imeshachukuliwa na maji. Ni mapezi ya samaki wa kuchongwa. Lakini tuwape haki yao: kuificha rejeta kwenye pikipiki, chombo kisicho na boneti wala mlango, si kazi ya mwanafunzi.

Nenda sasa kwa Kawasaki. Hapa ndipo mimi huvua kofia.

Mwaka 1999, kabla Bonneville haijarudi, Wajapani hawa waliwatangulia Waingereza kwa W650. Wengi walidhani ni mwigo wa Triumph, na walikosea kidogo, kwa sababu ukoo wa pikipiki hii unapita kwingine. Kampuni ya Meguro ya Japani ilikuwa ikiunda pikipiki ya silinda mbili kwa mfano wa BSA A7 ya Uingereza. Kawasaki ikaimeza Meguro, na mwaka 1966 ikatoa W1 kutokana na damu hiyo. Kwa hiyo W650 ilikuwa ikimwiga babu yake mwenyewe, hata kama babu naye alikuwa mwigaji. Upande wa kulia wa injini umesimama mnara wa kromu, bomba linalopanda kutoka chini mpaka kichwani. Mgeni akiuona atasema ni pambo. Si pambo. Ndani yake mna shafti yenye gia za pembe juu na chini, nayo ndiyo inayozungusha kamshafti. Mnyororo mwembamba uliofichwa ndani ungeifanya kazi hiyohiyo kwa bei ya chini, kama unavyofanya kwenye maelfu ya pikipiki nyingine. Kawasaki wakachagua njia ya gharama, gia zinazotaka kupimwa unywele kwa unywele, ili kile kipendezacho macho kiwe ndicho kinachofanya kazi.

Tena sauti. Katika Triumph za zamani na BSA, pistoni mbili zilipanda na kushuka pamoja, lakini zililipuka kwa zamu, mlipuko mmoja kila mzunguko. Fikiria wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, mchi kwa mchi, bila mmoja kumharakisha mwenzake. Bonneville ya 2016 haitwangi hivyo. Krenki yake imepindwa ili mchi wa pili uje mapema, kisha kuwe na kimya kirefu kidogo. Ni mdundo wa kuchechemea, na kuna wanaoupenda sana. W800, mdogo wake W650, imebaki na mdundo wa kinu. Matokeo yake ni haya: anayeitaka sauti ya Uingereza ya miaka ya sitini humpasa kwenda kwa Mjapani, maana Mwingereza mwenyewe amebadilisha sauti. Wafuasi wa Triumph hawapendi kukumbushwa.

Royal Enfield wanasimama mbali na ugomvi huu, na wana sababu. Bullet ilizaliwa Redditch, Uingereza, mwaka 1932. Jeshi la India liliipenda kwa doria za mpakani, na kuanzia 1955 ikaanza kuundwa Madras, mji uitwao leo Chennai. Kiwanda mama kikafa. Mtoto wa Madras hakuacha kufanya kazi. Kwa hiyo ukiniuliza kama Bullet ni pikipiki mpya ya mtindo wa kale, nitasita. Haikurudi, kwa kuwa haikuondoka. Na walipotoa Interceptor 650 mwaka 2018, silinda mbili, nguvu za farasi 47, waliipoza kwa hewa na oili. Mapezi yake ukiyagusa baada ya safari yatakuunguza, kama inavyopasa. Mwenye Bonneville atakwambia kwamba mwendo wake ni mdogo. Mwenye Interceptor atakutajia bei aliyonunulia, kisha atanyamaza, na kimya hicho kina maneno.

Kuna jambo jingine huko Chennai. Mistari miwili ya dhahabu kwenye tangi la Bullet huchorwa kwa mkono. Mchoraji hutia brashi rangi, huvuta mara moja kulifuata pindo la tangi, na mkono haurudi nyuma. Hapo hakuna cha kuiga, kwani kazi yenyewe ni ileile waliyoifanya wa zamani, kwa chombo kilekile na kwa pumzi ileile inayozuiliwa mpaka mstari uishe.

Mjomba wangu alikuwa na pikipiki ya silinda moja pale Ngamiani, Tanga, isiyokuwa na kitufe cha kuwashia. Alfajiri aliibembeleza: anaisukuma kiki taratibu mpaka aisikie pistoni imefika mahali pake, anavuta pumzi, anashuka na uzito wake wote. Akikosea, kiki humrudi kwenye muundi, naye hutoa maneno ambayo shangazi alitukataza kuyarudia. Nilimkumbuka nilipojifunza habari za Yamaha SR400. Ilitoka 1978, ikaagwa Japani 2021, na miaka yote hiyo haikupewa kitufe. Walichoiwekea ni kidirisha kidogo ubavuni mwa injini, cha kumwonyesha mpandaji kwamba pistoni imefika pa kupigia. Sindano ya mafuta iliingia humo, vipimo vya moshi viliingia, lakini mguu wa mtu haukuondolewa kazini. Mjomba angekichukia kidirisha kile. Angesema sikio linamtosha.

Nchi zetu nazo zimo katika hadithi hii, ila kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2023 Triumph ilitoa Speed 400, ndogo na ya bei nafuu, yenye mapezi na tangi la mviringo, nayo huundwa na Bajaj huko Chakan, karibu na Pune. Ni Bajaj hiyohiyo ya Boxer iliyojaa kwenye vijiwe vya bodaboda kuanzia Mombasa mpaka Bukavu. Sasa itazame Boxer vizuri: silinda moja, mapezi ya kweli yanayopozwa na upepo wa kweli, shokapu mbili nyuma, kiki ya mguu, siti ndefu iliyonyooka. Ndicho kile ambacho wenye nacho wa Ulaya hukitafuta na kukilipia mara nyingi zaidi. Kijana wa kijiweni hajui kwamba anaendesha mtindo, na ukimwambia atakuuliza kama unakwenda au huendi.

Wazee wetu walipokiona chombo hiki hawakukipa jina la sura yake wala la aliyekiunda. Walikiita kwa sauti: pikipiki. Wengine walisema tukutuku, na sikio halina ubishi, ile ni silinda moja ikipumua polepole. Novemba 2024, huko Milan, Royal Enfield walionyesha Flying Flea C6, jina na umbo vikiwa vya kipikipiki cha vita kuu ya pili, kile chepesi kilichodondoshwa kwa miavuli pamoja na askari. Hiki kipya kinatumia umeme. Hakina pistoni, hakina ekzosi, hakisemi piki wala tuku. Pale ilipokuwa injini pana kasha la betri la magnesi, na kwenye kasha hilo wamechonga mapezi, mstari kwa mstari. Betri nayo hupata joto. Mapezi yale yanaipoza.