Sifa za Kupima Yasiyokuwa

Katika kazi zote za mwandishi wa taarikhi, hakuna inayobezwa kama hii ya kuyapima mambo ambayo hayakuwa: vita ambavyo havikupiganwa, mikataba iliyokosa sahihi, wana wa wafalme waliofariki kabla ya kukalia viti walivyoandaliwa. Wako waionao kuwa ni porojo za barazani, na wako waiogopao kwa kuwa dini imetuonya tusijitafune nafsi kwa majuto juu ya lililokwisha kukadiriwa. Lakini majuto ni mbali na kipimo ni mbali. Livy, mwandishi wa Roma ya kale, alisimamisha masimulizi yake katika kitabu cha 9 cha taarikhi yake ili azingatie yale ambayo yangalitokea lau Iskandar wa Makedonia angaliyageuza majeshi yake kuwaelekea Warumi, akalinganisha majemadari na askari wa pande zote mbili pasi na kuona haya.

Adabu ya kazi hii hudhihirika vizuri katika kisa kilicho karibu nasi. Seyyid Said bin Sultan alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akiwa safarini kutoka Oman kuja Unguja, na dola yake ya pande mbili za bahari ikabaki mikononi mwa wanawe: Thuwaini akishika Maskati, Majid akishika Unguja, na Barghash, aliyekuwamo chomboni pamoja na baba yao, akikitamani kiti kwa ajili yake mwenyewe. Mwanzoni mwa 1859 Thuwaini akatweka aje autwae urithi aliouona kuwa haki yake. Merikebu ya Waingereza iliyotumwa kutoka Bombay ikamzuia, naye akaridhia kurudi na kuliacha shauri kwa Serikali ya Hindi. Aprili 1861 Lord Canning, mtawala wa Hindi kwa niaba ya Malkia, akakata hukumu kwamba Unguja na Oman ziwe dola mbili, na Majid ampe nduguye riali 40,000 kila mwaka.

Asiye fundi, akikipata kisa kama hiki, hukimbilia kujijengea himaya ya ndoto. Fundi hubadilisha jambo moja tu, na tena dogo, ambalo watu wa zama zile wenyewe waliliona kuwa laweza kutokea, kisha huyaacha mengine yote mahali pake, kama fundi wa jahazi agongaye ubao mmoja mmoja apate kujua ni upi unaobeba mwili wa chombo. Hamfufui Khalid, ndugu yao aliyefariki 1854 baada ya Seyyid Said kumwandalia Unguja, wala hamwongezei Thuwaini mizinga asiyokuwa nayo. Husema tu, na iwe merikebu ile ya Bombay imechelewa. Ndipo aziulizapo pepo kwanza, kwa kuwa vyombo vya tanga vya Arabuni vilikuwa vikija kwetu na kaskazi, na kaskazi ikikatika hapakuwa na safari hadi msimu mwingine. Kisha huwauliza watu: Waharthi, Waarabu wa Unguja ambao mwaka ule ule walisimama na Barghash alipomwasi Majid, wangalimpokea mgeni huyu au wangalimpinga? Mwisho huiuliza mali: ushuru wa forodha, uliokuwa umekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ungalikwenda kwa nani?

Mimi nikiyatia haya yote mizanini naona kwamba Thuwaini angaliweza kushuka Unguja, na labda kushinda, lakini asingalidumu kuitawala kutoka Maskati, maana hata baba yake, kwa heshima yote aliyokuwa nayo, aliona hapana budi kuja kukaa Unguja ili aishike. Utengano, basi, ulikuwa umekaribia kwa njia yoyote. Kilichokuwa bado wazi mwaka ule ni nani atakayeukata, na ndugu walipokubali kwamba hakimu wao awe dola ya kigeni yenye nguvu baharini, walizoea jambo ambalo wajukuu wa Seyyid Said hawakuweza tena kulikataa baada ya Unguja kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890.

Hili nisingalilijua kwa kuyasoma matokeo peke yake. Taarikhi isomwayo kutoka mwisho huwadhulumu waliotutangulia, kwa kuwa huwaonyesha kana kwamba walikuwa wakiburutwa kwenda mahali palipokwisha kuandikwa, hali ya kuwa walisimama gizani kama sisi, wakihofu, wakitaraji na wakichagua. Kadari tumwachie Mola, aliye peke yake ajuaye. Sehemu ya mwandishi ni hiari ya wanadamu, na kuipima kwa insafu ni ibada ya akili. Ajizoezaye kazi hii, asomapo mashauri ya dola za leo, atajua kuitafuta saa ambayo neno halijakatwa, na kumtazama vizuri yule anayeitwa kulikata.