Kutoka Bembelezi hadi Sala: Asili ya Wimbo wa Taifa wa Kenya

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wameandika kwa mapana kuhusu tenzi, mashairi ya arudhi na tungo huria. Utungo ambao kila Mkenya aliyepita shuleni anaujua kwa moyo, hata hivyo, aghalabu umeachiwa walimu wa muziki na maafisa wa itifaki. Hasara ya jambo hili ni kwamba Wimbo wa Taifa umezoeleka kama alama, mfano wa bendera, ukasahaulika kuwa ni matini yenye asili, fani na dhamira.

Asili yenyewe inajulikana. Kabla ya uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, kamati ya watu watano ilikabidhiwa kazi ya kuutunga: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Lahani waliyoichagua ilitokana na bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana. Katika kamati hiyo Hyslop ndiye humkumbusha msomi wa fasihi jambo moja: kabla ya hapo alikuwa ameandika kwa Kiswahili tamthilia za Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, zilizotoka mwaka 1957. Kwa hiyo si sahihi kuichukulia kamati hii kuwa ya wanamuziki watupu waliotafuta maneno ya kujazia noti.

Bembelezi ina muktadha wake. Mwimbaji ni mmoja, msikilizaji ni mmoja, na lengo ni usingizi. Kamati iliupindua muktadha huo wote. Ubeti wa kwanza unamwelekea Mungu kwa sala. Wa pili unawageukia ndugu na kuwaamuru waamke. Wa tatu unaihimiza jamii nzima ijenge nchi. Lahani iliyobuniwa kumlaza mtoto sasa inabeba amri ya kuamka! Kinaya hiki hakielekei kuwa kilikusudiwa, lakini kimo, na ndicho kinachoupa wimbo mvuto wake: maneno yanahimiza ilhali mahadhi yanatuliza. Anayeusikiliza mbali na gwaride na bendi ya polisi husikia bado utulivu wenye chembe ya majonzi, ambao si tabia ya nyimbo za kijeshi. Nafsi nayo imebadilika. Mama na mwanawe wamemezwa na kiambishi cha “tu”, ambacho kimeenea katika beti zote tatu, mara nyingine kikitanguliwa na “na-” ya kuhimiza, matumizi yenye ladha ya lugha ya ibada.

Kifani, utungo huu haumridhishi mwanaarudhi. Kila ubeti una mishororo sita, na mizani hupanda na kushuka kati ya 6 na 10. Vina navyo huonekana hapa na kupotea pale: ubeti wa kwanza na wa tatu hufunguliwa kwa jozi ya mishororo yenye kina kimoja, ilhali wa pili hauna jozi hiyo. Kuuhukumu kwa kipimo cha shairi la Waswahili, lakini, ni kukosea mlango. Mizani yake imepimwa kwa lahani, na mshororo wa tatu na wa sita, ambao aghalabu hurefuka, huweka kituo pale muziki unapohitaji pumzi. Penye udhaifu ni ubeti wa tatu, ambapo “Ee”, iliyokuwa mwito wa ibada katika ubeti wa kwanza, imeshushwa daraja ikawa kiitikio cha kujazia mapigo.

Suala zito zaidi ni la umiliki. Kipokomo na Kiswahili ni ndugu wa kundi moja la Kisabaki, pamoja na lugha za Kimijikenda na Kingazija. Bembelezi hiyo haikusafiri mbali kuingia katika Kiswahili. Undugu huo huenda ndio uliorahisisha kusahauliwa kwa mkopo wenyewe. Wimbo uliozaa ule wa Tanzania hutajwa pamoja na Enoch Sontonga, aliyeutunga mwaka 1897. George Kakoma, mtunzi wa ule wa Uganda, alifika mahakamani kuidai serikali malipo kabla ya kifo chake mwaka 2012. Mama wa Kipokomo hana jina la kupeleka mahakamani, kwani fasihi simulizi humhifadhi mtunzi kwa kumsahau.

Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zipate fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni na urithi wao, na mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni. Katiba hiyo hiyo, katika Jedwali la Pili, inachapisha Wimbo wa Taifa kwa Kiswahili na Kiingereza pamoja na noti zake za muziki. Wapokomo hawatajwi hapo.