Valvu Hununuliwa, Transfoma Husukwa

Amplifaya ya valvu niliyoijenga hapa Mulago ina nguvu ya wati 5 tu. Spika za baa ya jirani huimeza bila kutafuna. Kila mgeni anayeiona huulizia valvu zinazowaka: umezipata wapi, bei gani, zitadumu? Hakuna anayeulizia pande la chuma lililo nyuma yake, nalo ndilo lililonitoa jasho.

Valvu zenyewe ni mbili. ECC83 hupokea sauti dhaifu na kuikuza, EL84 husukuma spika. EL84 ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kujaa kwenye redio za mezani za enzi hizo. Yangu niliing'oa kwenye redio iliyokufa. Jedwali la kiwanda halikuachii fumbo: anodi volti 250, mkondo miliampea 48, resista ya kathodi omu 135. Zidisha volti kwa mkondo upate wati 12, nacho ndicho kikomo chake. Kwa kuwa umeme wetu wa volti 240 hupanda na kushuka utakavyo, niliweka omu 150 ili valvu isiishi ukingoni.

Sasa njoo kwenye chuma, yaani transfoma inayounganisha valvu na spika. EL84 inataka kubebeshwa mzigo wa omu 5,200, spika ina omu 8. Gawanya, unapata 650. Kipeuo chake cha pili ni 25.5, nao ndio uwiano wa mizunguko. Kwa hiyo upande wa valvu nilipanga mizunguko 3,000 ya waya wa milimita 0.2, na upande wa spika mizunguko 118 ya waya mnene. Mabati ya herufi E na I niliyatoa kwenye UPS iliyoungua, nikashuka nayo Katwe kwa fundi wa kusuka mota.

Fundi yule ana mkono. Alisuka 1,500, akaweka ule waya mnene katikati, akamalizia 1,500 juu yake, kama nilivyomwomba, maana waya zikikaa hivyo sauti nyembamba hupita bila kupotea. Kisha akapanga mabati kwa kupishana, E moja huku, nyingine kule, akayabana barabara.

Nilipowasha, sauti ya mwimbaji ilikuwa safi, lakini gitaa la besi lilisikika kama limefungiwa ndani ya kopo.

Kosa lilikuwa langu, maana sikumwambia. Katika transfoma ya umeme wa nyumbani, mkondo huenda na kurudi, na chuma hupata nafasi ya kupumua. Kwenye amplifaya ya valvu moja ya nguvu, mkondo wa anodi hupita upande mmoja muda wote, mizunguko 3,000, hadi chuma kinashiba sumaku na besi haina pa kukaa. Dawa yake ni kuweka E zote upande mmoja, I zote upande wa pili, na kati yake karatasi ya unene wa milimita 0.1. Karatasi ya daftari inatosha.

“Ssebo, transfoma gani inawekewa karatasi?” fundi aliniuliza, huku mkono tayari unafungua boliti. Jioni hiyo besi ilirudi.

Yaliyobaki ni madogo, isipokuwa moja: ng'ambo ya bonde kuna minara ya Kololo, na waya wa gridi, unaoingiza sauti kwenye valvu, ulikuwa ukidaka mawimbi yake na kutoa mvumo. Resista ya kilo-omu 10, iliyounganishwa kwa risasi kwenye mguu wenyewe wa valvu, iliunyamazisha.

Kapasita za chujio hubaki na volti karibu 300 hata plagi ikichomolewa. Nimezifungia resista ya kilo-omu 220 ya kuzimwaga, na bado nasubiri dakika mbili, napima kwa mita, ndipo naingiza mkono. Ukiamua kujenga yako, hiyo resista ifunge kwanza kabla hujaagiza valvu.