Tumbili Hakuizima Kenya

Jumanne ya tarehe 7 Juni 2016, saa 5 na dakika 29 asubuhi, tumbili mmoja aliyepanda kwenye paa la kituo cha umeme cha Gitaru, katika Mto Tana, aliangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mitambo mingine kituoni hapo ikazidiwa na mzigo, nayo ikajizima. Zikapotea zaidi ya megawati 180, na Kenya nzima ikakosa umeme kwa zaidi ya saa tatu.

Hayo siyatungi mimi. Ndivyo ilivyoeleza KenGen, kampuni inayoendesha kituo hicho. Tumbili mwenyewe alipona, akakabidhiwa kwa KWS, shirika la wanyamapori. Vyombo vya habari, vya kwetu na vya ng'ambo, vikaipokea habari hii kwa mikono miwili, na kusema kweli nani angeikataa? Mnyama mmoja dhidi ya nchi nzima! Vichekesho vikazunguka kwenye simu, na hadi leo ukimuuliza mtu kuhusu siku ile atakutajia tumbili.

Shida ni kwamba kuna maswali mawili hapa, na vichwa vya habari vilijibu lile rahisi. Nani aligusa transfoma? Tumbili. Haya. Kwa nini transfoma moja ikiguswa, kinyozi wa Kisumu na muuza samaki wa Mombasa nao wanakosa umeme? Kwenye swali hilo tumbili hatusaidii kitu.

Naandika haya nikiwa na kinyongo, nikiri mapema. Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku wa Jumamosi kwenye maabara ninayofanyia utafiti. Jenereta la akiba halikuwa na mafuta. Jumatatu asubuhi nilipofungua friji linalotakiwa kukaa nyuzi hasi 80, nilikuta maji. Sampuli zangu za vinasaba vya bakteria wa udongo, kazi ya miezi mitano, zilikuwa zimeyeyuka na kuharibika. Nikatafuta tangazo nijue kilichotokea. Lilisema: "hitilafu ya kiufundi". Miezi yangu mitano, maneno yao matatu. Ndipo nilipomkumbuka tumbili wa Gitaru, maana hitilafu ya kiufundi ni tumbili yuleyule, ila huyu hana mkia.

Sasa tuje kwenye sayansi yenyewe, si ngumu hivyo.

Fikiria daladala imezima njiani na abiria kumi wameshuka kuisukuma. Wakisukuma kwa pamoja inaenda mwendo mmoja, haipungui wala haiongezeki. Hao ndio mitambo ya kuzalisha umeme. Uzito wa gari na watu waliobaki wamekaa ndani ndiyo matumizi yetu: pasi, friji, mashine za kusaga. Mwendo wa gari ndiyo mizunguko ya umeme, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni 50 kwa sekunde. Kwenye gridi hakuna ghala kubwa la kuweka umeme pembeni. Kinachozalishwa kinatakiwa kilingane na kinachotumika, sekunde kwa sekunde.

Ghafla wawili kati ya wanaosukuma wanajitoa. Gari halisimami papo hapo, kwa sababu ni zito na lilikuwa kwenye mwendo. Kwenye gridi, uzito wa mitambo inayozunguka hufanya kazi hiyohiyo: unakupa sekunde chache za kujipanga. Ila mwendo umeanza kushuka. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza, waliokuwa wanasukuma kwa nusu nguvu waongeze nguvu. Hiyo ndiyo akiba inayozunguka, yaani mitambo inayoendeshwa chini ya uwezo wake makusudi ili isubiri siku kama hiyo. Ya pili, konda awaambie waliokaa ndani washuke, gari liwe jepesi. Kwenye gridi hakuna konda wa kupiga kelele. Kuna vifaa vinavyokata umeme kwenye baadhi ya maeneo vyenyewe, mara tu mizunguko ikishuka chini ya kiwango kilichopangwa. Mitaa kadhaa inakosa umeme ili nchi isikose.

Njia zote mbili zikichelewa, kila anayesukuma anaanza kuogopa mgongo wake. Mitambo ina vifaa vya kujilinda: mizunguko ikishuka sana, inajitoa kwenye gridi isije ikavunjika. Mmoja akijitoa, mzigo unawazidia waliobaki. Wanajitoa nao. Ndani ya muda mfupi daladala imesimama na barabarani hakuna mtu.

Turudi Gitaru. Mwaka ule kilele cha matumizi ya Kenya kilikuwa takribani megawati 1,600, kwa hiyo megawati 180 ni zaidi kidogo ya sehemu moja kati ya kumi. Ni pigo kubwa. Lakini wahandisi wa umeme wana kanuni ya miaka mingi: gridi ipangwe ili kifaa kimoja, hata kile kikubwa kuliko vyote, kikitoka, vilivyobaki vibebe mzigo. Tumbili aliigusa transfoma moja. Swali la mwandishi wa habari lilipaswa kuwa: asubuhi ile akiba ilikuwa megawati ngapi, na vile vifaa vya kushusha abiria vilifanya nini?

Maana wanyama kugusa umeme si jambo geni. Wiki chache tu kabla ya Gitaru, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche alisababisha hitilafu kwenye transfoma ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na mtambo mkubwa kuliko wote duniani wa kugonganisha chembe ukasimama. Kindi wamewahi kusimamisha biashara ya hisa ya Nasdaq nchini Marekani mwaka 1987, na tena 1994. Wanyama hawa waliharibu siku za watu, lakini Uswisi haikuzimika, wala Marekani. Kwa hiyo tusimuonee tumbili wetu.

Na asipokuwepo mnyama, hutafutwa mwingine. Ijumaa usiku ya tarehe 25 Agosti 2023 Kenya ilizimika tena, safari hii mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ambako jenereta lilikataa kuwaka (nilipoisoma hiyo nilijisikia si peke yangu). Kenya Power ikasema umeme umepotea kutoka mradi wa upepo wa Ziwa Turkana. Wenye mradi wakajibu kwamba wao walilazimika kujizima, kwa sababu volteji kwenye gridi yenyewe ilikuwa imepanda kupita kiasi. Mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akafukuzwa kazi. Magazeti yakawa na kila kitu yanachopenda: mshtakiwa, anayekana, na anayefukuzwa. Novemba umeme ukakatika tena nchi nzima. Desemba, tena.

Sitaki kuwaonea wahandisi. Kuiwasha upya gridi iliyozimika kabisa ni kazi nzito: unaanza na kituo kimoja, mara nyingi cha maji, unaongeza mzigo taratibu kama mtu anayemlisha mgonjwa uji, ukikosea inazima tena. Kufanya hivyo ndani ya saa chache kunastahili pongezi. Na mwandishi wa habari naye ana bosi anayetaka habari kabla ya saa saba. Tumbili anaeleweka kwa sekunde tatu, akiba inayozunguka imenichukua mimi aya tatu.

Ila inawezekana kufanya tofauti. Tarehe 14 Agosti 2003 watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme. Huko nako kulikuwa na tumbili wao: miti ya Ohio iliyoachwa ikakua mpaka ikafikia nyaya. Wangeweza kuishia hapo. Badala yake nchi hizo mbili ziliunda kikosi cha uchunguzi, na Aprili 2004 kikatoa ripoti kamili kwa umma, inayoeleza dakika kwa dakika. Humo ikaonekana kwamba programu ya kengele za tahadhari kwenye chumba cha kuongozea mitambo ilikuwa imekufa kimyakimya, na wahudumu wakakaa zaidi ya saa moja bila kujua nyaya zao zinaanguka moja baada ya nyingine. Mwaka 2005 ikapitishwa sheria iliyofanya viwango vya uimara wa gridi kuwa lazima. Lawama zingemwishia mti, wangekata mti tu.

Hicho ndicho ninachokitaka kwenye habari zetu, na hakihitaji shahada ya uzamili. Waziri akisimama mbele ya kamera kusema "hitilafu", mtu mmoja anyooshe mkono aulize: kilichotoka kwanza ni kitu gani, na kilikuwa kimebeba megawati ngapi? Akiba ilikuwa kiasi gani? Kwa nini haikutosha? Ripoti itatoka lini, na sisi tutaisoma wapi? Kisha, baada ya miezi mitatu, mtu huyohuyo arudi aulize tena. Hapo ndipo habari nyingi hufia. Mkutano wa kwanza na waandishi hujaa, wa pili hauitishwi.

Mimi nimeanza upya kukusanya udongo. Kwenye mlango wa friji sasa kuna karatasi mpya: "Umeme ukikatika, piga simu namba hii, saa yoyote." Nilifurahi sana nilipoiona, mpaka nilipoisoma vizuri. Namba ni yangu.