Kobe Asiyetaka Mgeni

Kitabu cha picha cha maharamia kikitaka kumfundisha mtoto wema, mara nyingi hushika njia ya mkato. Haramia hupora na kufoka kurasa zote, kisha ukurasa wa mwisho moyo unamlainika na watu wanagawana chakula. Mtoto anacheka, lakini wema wenyewe umebandikwa mwishoni kama stempu kwenye bahasha. Nikitaka kuonyesha kazi hiyo inavyofanywa vizuri, naenda kwenye kisa kingine cha bahari, tena cha kweli: Owen & Mzee, kilichotolewa na Scholastic mwaka 2006. Waandishi ni Isabella Hatkoff, aliyekuwa bado msichana mdogo, baba yake Craig, na mwanaikolojia wetu Paula Kahumbu. Picha ni za Peter Greste, mwanahabari yuleyule aliyekuja kufungwa Misri.

Kwa mtoto wa Machakos kisa hiki kiko karibu kuliko kinavyoonekana. Mto Athi, unaopita Mavoko na kuporomoka Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, ndio huohuo unaoitwa Galana huko mbele, kisha Sabaki unapoingia baharini kaskazini mwa Malindi. Mwishoni mwa 2004 viboko walisombwa na maji ya Sabaki hadi ufukweni. Tarehe 26 Desemba ikaja tsunami. Kesho yake akaonekana ndama mmoja tu wa kiboko, amekwama kwenye miamba ya matumbawe.

Hapa waandishi walikuwa na tatizo la kiufundi. Shujaa wao ni yatima, lakini ana uzito wa kilo 270 hivi. Utamwonyeshaje kuwa mnyonge? Hawakumwita mnyonge. Walituonyesha watu wakihangaika na kamba na nyavu, ndama akiwaponyoka, mpaka mtu mmoja akamrukia na kumshika. Jina la mtu huyo, Owen, ndilo alilopewa kiboko. Tunamwona akipigana na watu wanaomwokoa, na hofu yake tunaipata humo bila kuelezwa.

Lakini ufundi wenyewe uko Haller Park, Mombasa, alikopelekwa ndama huyo, bustani iliyooteshwa juu ya machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Owen anafunguliwa, anakimbia moja kwa moja kujificha nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, anayekadiriwa kuwa na miaka 130. Mzee anafoka, anajikokota kwenda zake. Owen anamfuata. Mzee anasogea tena. Mwandishi mvivu angewakumbatisha papo hapo, kwa kuwa picha ya kukumbatiana anayo tayari mkononi na dunia nzima imeshaiona gazetini. Hawa waliizuia. Walimwacha kobe awe kobe: mzee mkali anayependa kukaa peke yake, ila hana mbio za kumkimbia mgeni. Asubuhi wanapokutwa wamelala pamoja, tumeshaona kukataliwa kwingi kiasi kwamba ukaribu huo una bei.

Na baada ya hapo wema haupewi maneno makubwa. Owen alikuwa hagusi majani aliyowekewa. Mzee anakula, Owen anakula pembeni yake. Basi. Kitendo cha mdomo, ambacho mtoto wa darasa la pili anakielewa bila mwalimu kumfafanulia. Waandishi wanakubali pia kwamba hakuna ajuaye kwa hakika kwa nini ndama alimchagua kobe, na kwangu hilo ni ushujaa katika kitabu cha watoto. Wengi wangemwekea Mzee maneno kinywani.

Kasoro ipo, na iko mwishoni. Baada ya kujizuia vizuri hivyo, maandishi ya kufungia kisa yanaanza kutueleza urafiki ni nini, kazi ambayo picha zilikuwa zimeshaimaliza. Maandishi pia ni mengi kwa kitabu cha picha. Anayewasomea wadogo itabidi aruke sentensi hapa na pale.

Mwalimu wa Machakos akikipata, ningemshauri achore kwanza mto ubaoni, Athi mpaka Sabaki, aweke alama ya Mavoko na ya Malindi, ndipo afungue ukurasa wa kwanza. Na akifika kwenye aya ile ya mwisho ya mafunzo, anaweza kukifunga kitabu na kuuliza kwa nini Mzee alifoka.